Kopo la Kadi Kumi na Moja

Jumatatu, 5 Machi 2007

Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo vya mapazia. Mapazia hayapo, basi acha liandikwe mengine.

Kuta zinatoka jasho. Ndiyo majira yake hapa Guangzhou, unyevu unaingia na upepo wa kusini, sakafu inateleza kama imemwagiwa mafuta, nguo ukifua leo utaivaa Alhamisi. Chumba changu kiko Kangle, ghorofa ya tatu, juu ya karakana ya kushona zipu. Kuanzia asubuhi mashine zinatikisa kitanda.

Leo nimeitwa polisi. Nilikwenda na Sesilia, binti wa Kibosho anayesomea udaktari hapa, mwaka wa nne, anayetutafsiria kwa malipo ya siku. Niliitwa kwa sababu ya Zhen, ajenti wangu tangu mwaka 2002.

Sisi tunaokuja kwa viza ya siku thelathini tuna desturi moja. Unafungua akaunti kwa pasipoti yako, unapewa kadi ya benki, na siku ya kuondoka unamwachia ajenti kadi pamoja na namba ya siri. Wewe uko zako Kariakoo, kiwanda kikidai malipo yeye anachomoa analipa. Zhen alikuwa na kadi kumi na moja za wateja wake, Watanzania na Wakongo, ndani ya kopo la bati la keki za sikukuu ya mwezi. Kila kadi imebandikwa plasta yenye jina. Yangu iliandikwa SALUHA, kwa mwandiko wake.

Mumewe tunamwita Tom, jina la kuwarahisishia wageni. Alikuwa fundi wa kompyuta kwenye benki moja. Wanasema kwa miezi mitano, akiwa amekalia kiti chake cha kazi, alihamisha pesa za benki na kuziingiza kwenye kadi zetu, kisha akazitoa. Yuan milioni tatu na laki moja. Desemba wakakamatwa wote wawili.

Kwenye kadi yangu ziliingia laki mbili na elfu arobaini. Na zangu za halali, elfu themanini na sita, zimo humo humo na zimefungiwa.

Afisa aliuliza jambo moja tu: ulimpa kadi wewe, au aliichukua bila idhini yako?

Sesilia akaninong'oneza, "Dada Swalha, fikiri. Ukisema ulimpa, na wewe una kosa. Kuazimisha kadi hawaruhusu."

Afisa akaongeza kwamba wenye kadi ambao hawakujua kitu watarudishiwa kilicho chao ndani ya wiki saba.

Nikasema aliichukua bila idhini yangu. Nikachovya dole gumba kwenye wino mwekundu, nikabonyeza mara nne.

Sikuona uchungu. Nilianza na mabeseni ya plastiki mtaa wa Kongo, nikiyabeba kichwani, hakuna aliyenipa mtaji. Mtu akiweka wizi wake juu ya jina langu, ajibebee.

Jumatano, 7 Machi

Mvua. Viatu vya kutokea vimeota ukungu.

Jumapili, 11 Machi

Amekuja mama yake Zhen. Nilimwona mara moja tu zamani, akimletea mwanawe chakula dukani. Anafanya kazi ya kukata nyuzi: suruali ikitoka mashineni, yeye anapunguza nyuzi zilizobaki kwa mkasi mdogo, analipwa kwa fungu. Mkasi wenyewe unaning'inia shingoni mwake kwa kamba, hata siku ya mapumziko.

Kichina changu ni cha soko. Bei gani, ghali, hakuna, bosi. Kiswahili yeye hana. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaweka chenza sita mezani, akatulia nusu saa, akaenda zake. Hakulia.

Chenza nimezila. Naona Zhen alimfundisha kwamba wengine sisi hatuli nguruwe, ndiyo maana akaleta matunda.

Jumapili, 18 Machi

Kaja tena. Chenza sita. Nilimwambia "mei you", hakuna, lile neno wenye maduka wanalotukatalia nalo kutwa nzima. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei, akamaliza nusu saa yake.

Jumapili, 25 Machi

Tena. Sita.

Ijumaa, 30 Machi

Baada ya swala tumekula tambi mgahawani kwa Mchina mmoja Mwislamu wa kaskazini, mimi, Nassor na Augustin. Nassor ni wa Unguja, ananunua vipuri vya pikipiki. Augustin ni wa Lubumbashi, yeye jinzi. Kadi zao nazo zilikuwa koponi.

"Wewe umeandika nini?" Nassor akaniuliza.

"Kachukua bila idhini yangu."

"Umemhurumia. Mie nimeandika simjui."

"Humjui? Si alikuja harusini kwa mwanao, Unguja, kavaa buibui la kuazima?"

"Kalivaa. Sasa wewe watakaje, niende jela kwa ajili ya harusi ilokwisha?"

Augustin akacheka tambi zikamtoka. "Maman Swalha, miye nilisemaka carte ilipotea. Tangu mwaka jana."

"Ikapotea ikajipeleka yenyewe kwenye kopo."

"Voilà."

Tukacheka wote. Nikalipia mimi.

Jumapili, 1 Aprili

Sita.

Jumanne, 10 Aprili

Nimeongeza viza tena. Nyumbani dukani wanaimaliza shehena ya mwaka jana, wifi yangu Leokadia, mke wa kaka, anasema wateja wanaulizia rangi ya maziwa. Nikamwambia subiri.

Alhamisi, 19 Aprili

Pesa zimefunguliwa. Elfu themanini na sita, na faida juu yake yuan mia moja na kumi na mbili. Polisi hawakusema uongo.

Nilidhani nitafurahi. Nikaenda moja kwa moja soko la vitambaa la Zhongda, nikachagua majora arobaini na mawili, rangi ya maziwa na ya kahawa, nikalipa. Njiani nikanunua soksi. Maonyesho ya biashara ya Pazhou yamefunguliwa, treni imejaa wageni wenye vitambulisho shingoni. Sikwenda.

Jumapili, 22 Aprili

Amekuja. Majora yamejaa chumba, kiti kimekosa nafasi, akasimama. Alipapasa ukingo wa jora moja, akaona uzi umechomoza, akaukata kwa mkasi wake. Akaona mwingine, akaukata. Nusu saa nzima alikata nyuzi za kitambaa changu.

Sikumwambia acha.

Jumamosi, 28 Aprili

Sesilia alinipeleka kwa wakili wa Zhen. Ofisi iko juu ya duka la vigae vya choo. Ni mtu mfupi, ana kikohozi, kwenye kalenda yake mwezi wa tano wote umechorwa mistari. Nitaandika alivyosema, kwa sababu nilimrudisha nyuma mara tatu mpaka hesabu ikakaa.

Nilimuuliza, "Kosa la kompyuta nalo mtu ananyongwa?"

"Hapana. Mtu akiharibu mfumo wa kompyuta ana kifungu chake, ni miaka. Lakini akiitumia kompyuta kuchukua mali, kifungu kingine kinasema msitazame kompyuta, tazameni alichochukua. Tom amechukua mali ya benki. Wizi wa benki, kiasi kikubwa mno, adhabu zake ni mbili tu. Maisha au kifo."

"Kwa hiyo kompyuta ni kama nondo ya kuvunjia mlango."

Sesilia alipotafsiri wakili akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Ndiyo. Na huyu hata mlango hakuvunja, alikuwa na funguo."

Tom amekwisha kukiri. Kuanzia Januari mwaka huu kila hukumu ya kifo lazima ikapitiwe na mahakama ya juu Beijing, hilo ndilo tumaini lake, na wakili hakulisemea kwa nguvu. Kinachobaki ni mke. Kama Zhen alikusanya kadi za watu kwa ajili ya wizi, basi ni mhusika mkuu sawa na mumewe. Kama kadi zilikuwa kwake kwa kazi yake ya kila siku, mume akazikuta kabatini, basi hata akionekana alijua, ni msaidizi. Msaidizi ni miaka. Kumi, kumi na mitano.

"Waendesha mashtaka wana nini?" nikauliza.

Akainua vidole, akakunja, akainua tena. Karatasi kumi na moja. Wenye kadi wote wanasema hawakumpa. Mmoja hamjui kabisa. Mmoja kadi ilimpotea. Yangu ni ya tatu katika faili.

"Basi niandikie nyingine, nitabonyeza."

Wakili akafunika kalamu yake. Sesilia alimsikiliza kirefu ndipo akanigeukia. "Anasema hawezi. Mawakili wamefungwa kwa kubadilishia mashahidi maneno. Uandike kwa mkono wako, kwa lugha yako, upeleke mwenyewe. Anasema hata chai hii hukuinywa hapa."

Chai nilikuwa nimeimaliza.

Ngazini nikamuuliza Sesilia, "Nikibadilisha, zile pesa?"

"Watazitaka tena. Kama huna, una vitambaa."

"Na viza?"

"Dada, mimi nasomea mapafu. Sijui."

Wala mimi sijui kama Zhen alijua anachofanya mumewe. Nimelala na swali hili, nimeamka nalo, halina jibu upande wowote. Alikuwa akilipa viwanda vyangu siku ile ile. Alikuwa pia na friji mpya. Lakini hakuna aliyeniuliza kama alijua. Nimeulizwa kama nilimpa kadi. Nilimpa. Ilikuwa Agosti, siku naondoka, nilimhesabia tarakimu sita za siri huku anabandika plasta, akaniuliza, kama kila mwaka, jina langu linaandikwaje, nikamwambia andika utakavyo.

Jumapili, 29 Aprili

Chenza zimeanza kuwa kavu. Sita.

Alhamisi, 3 Mei

Tuko kumi na mmoja. Wanane wako nyumbani. Nikawapigia kutoka kibanda cha simu. Watano hawakupokea. Pandu, tuliyekuja naye safari ya kwanza kabisa, alisikia jina la Zhen akakata. Jeanne wa Bukavu alisema ataomba. Yustina alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Wewe ulishapata zako?" Nikasema nilishapata. Akasema, "Basi ngoja na mimi nipate zangu."

Nikaweka simu chini. Ni mimi yule wa mwezi wa tatu.

Jumamosi, 5 Mei

Augustin anarudi Lubumbashi kesho. Kanipa peremende za kikohozi.

Jumapili, 6 Mei

Amekuja, amekata nyuzi, ameondoka.

Jumanne, 8 Mei

Mvua. Mvua.

Jumatatu, 14 Mei

Nilikwenda. Nilivaa buibui jeusi na viatu vyenye ukungu nilivyovipiga brashi. Niliandika Kiswahili ukurasa mmoja, Sesilia akaweka Kichina chini yake. Nimenakili hapa:

"Mimi Swalha nilimpa Zhen kadi yangu mwezi Agosti 2006 kwa hiari yangu, na namba ya siri, ili anilipie viwanda, kama nilivyofanya kila mwaka tangu 2002. Tarehe 5 Machi nilisema hapana kwa sababu niliogopa na nilitaka pesa zangu."

Walitukalisha tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Chumba kilikuwa na feni moja inayozunguka kuelekea ukutani. Afisa ni yule yule. Alisoma, akatoka, akarudi na mwingine mwenye umri mkubwa.

"Nani kakwambia uje?"

"Hakuna."

"Wakili?"

"Nina wakili wa nini, nauza mapazia."

"Familia yake imekulipa?"

Nikamwambia Sesilia amjibu: matunda. Sesilia akanikanyaga mguu, akasema hapana.

Mkubwa akauliza pole pole, kama fundi anayetafuta bomba linalovuja, "Ulipomwachia kadi mliandikishana? Kuna risiti, kuna karatasi ya siku ile?"

"Hakuna. Hatuandikishani. Ukimwandikisha ajenti unamwambia humwamini."

Sesilia alitafsiri. Yule mkubwa akaandika alama tano tu za Kichina, akafunga kalamu. Nilizihesabu. Maelezo yangu ya miaka mitano yaliingia kwenye alama tano.

Matokeo: pasipoti imebaki kwao. Faini elfu tano kwa kuazimisha kadi. Elfu themanini na sita nizirudishe ndani ya siku kumi, zishikwe mpaka kesi iishe. Sesilia amekataa malipo ya leo. Nilimlazimisha, akachukua nusu.

Jumatano, 16 Mei

Nimeyarudisha majora Zhongda. Bosi yule yule aliyeniuzia. Akaangalia kingo kwa makini, hakukuta uzi hata mmoja unaoning'inia. Hata hivyo kanipa sabini kwa kila mia; kilichopungua Leokadia ametuma kutoka dukani.

Alhamisi, 17 Mei

Nassor kagonga mlango. Kaingia na viatu, kaweka bahasha kitandani, elfu mbili na mia tano, nusu ya faini.

"Usinshukuru."

"Sijakushukuru."

"Na siendi kuandika kitu. Nna watoto sita."

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Ndo maana nimekuja." Akasimama akiangalia mahali majora yalipokuwa. "Lile buibui alilovaa harusini lilikuwa la mke wangu. Alilifua mwenyewe kabla ya kulirudisha."

Akatoka. Miaka yote hii nilimhesabu Nassor mtu wa maneno tu. Bado simwelewi, ila nimemwondoa kwenye orodha ya watu wa maneno.

Jumapili, 20 Mei

Amekuta chumba kitupu. Akaangalia pembe zote. Nikamwambia "mei you". Akakaa kwenye kiti, mikono juu ya mkasi. Leo alikaa saa nzima.

Jumanne, 29 Mei

Kesi. Mgeni haingii bila kibali, kwa hiyo nilisimama nje ya lango pamoja na mama yake Zhen, ambaye naye alikuja bila karatasi waliyoitaka. Mvua kubwa za mwezi wa tano. Mwavuli tulikuwa nao mmoja, wangu, yeye mfupi, nikalowa bega.

Gari lilipoingia tuliwaona kwa kadiri ya kuvuka hatua ishirini. Tom kwanza, kainama. Kisha Zhen. Nywele wamemkata mpaka masikioni, juu kavaa fulana ya njano isiyo na mikono. Alimtazama mama yake. Kisha akaniona mimi, akaniitikia kwa kichwa haraka, vile alivyokuwa akiitikia dukani akiwa kwenye simu na mteja mwingine: nimekuona, ngoja kidogo.

Basi.

Jumapili, 3 Juni

Hakuja. Sesilia anasema ameenda kijijini kuuza nyumba. Pesa zikirudishwa benki, mahakama hulitazama hilo.

Jumapili, 10 Juni

Hakuja.

Jumatatu, 11 Juni

Pasipoti imerudi. Imegongwa muhuri wa siku ishirini na moja za kuondokea.

Jumapili, 17 Juni

Hakuja. Niliweka kiti.

Jumatano, 20 Juni

Hukumu imetoka. Sesilia ameleta nakala aliyopewa na wakili, kurasa kumi na mbili. Tulikaa chini sakafuni, akasoma kwa kidole.

Tom, kifo. Faili linakwenda Beijing. Jina lake la kweli nimelisikia leo kwa mara ya kwanza na nimeshindwa kulishika.

Zhen, mhusika mkuu. Kifo, kwa kuahirishwa miaka miwili. Sesilia alieleza: asipofanya kosa gerezani ndani ya miaka hiyo, inageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Ameahirishiwa kwa sababu mama yake alirudisha yuan laki moja na elfu tisini, bei ya nyumba.

"Na yangu?" nikauliza.

Akarudi ukurasa wa tisa. Mstari mmoja na nusu. "Mwenye kadi wa tatu alibadilisha maelezo. Hakuna maandishi ya wakati husika yanayoyaunga mkono, na yanapingana na maelezo ya wenzake kumi. Hayakupokelewa."

"Soma tena."

Akasoma tena. Ni yale yale.

Akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia nina njaa. Tukaenda kula tambi, na kweli nilikula, nikaongeza bakuli la pili.

Jumapili, 24 Juni

Amekuja. Si chenza, msimu wake umepita, kaleta lichi, tawi zima na majani yake. Sikuzihesabu.

Nikaketi naye. Nikamenya moja nikampa, akamenya moja akanipa. Sijui wamemwambia nini kuhusu karatasi yangu. Kidole changu kilikuwa na kidonda cha kucha, ngozi imeinuka. Akaushika mkono wangu, akauleta karibu na macho, akaikata ile ngozi kwa mkasi wake, akaupapasa kuona kama pamelainika.

Ijumaa, 29 Juni

Kesho kutwa naondoka. Kesi imeisha upande wangu, pesa zangu wamezirudisha jana, kadi mpya nimefungua. Pesa si zote, lakini zinatosha majora thelathini. Kiwanda kinamaliza kutia rangi wiki tatu zijazo, mimi nitakuwa Dar es Salaam, na hakilipwi kabla ya mzigo kutoka. Njia nyingine ya kulipa sijaipata. Nimeitafuta.

Kwa hiyo nimekwenda kwa ajenti mpya, Bi Mei, ana ofisi nyuma ya soko, Nassor ndiye aliyemtaja. Mchangamfu, Kiswahili chake kizuri kuliko cha Zhen.

"Hamna shida, dada. Acha kadi, acha namba, wewe nenda nyumbani pumzika."

Nikatoa kadi. Nikatoa na karatasi mbili nilizoziandika jana, kila moja Kiswahili juu na Kichina cha Sesilia chini, tarehe ya leo. Mimi Swalha nimempa Bi Mei kadi hii kwa hiari yangu, kwa kazi yangu. Nikaomba wino.

Bi Mei akasoma, uso ukabadilika kidogo. "Dada, huniamini?"

"Nakuamini. Iweke."

"Wengine hawafanyi hivi."

"Najua."

Akacheka, akaleta wino, tukabonyeza zote mbili, moja nikaitia mkobani. Akachukua plasta, akaniuliza jina. Safari hii nilimwandikia mwenyewe. Kisha akavuta droo, akatoa kopo la biskuti, akafungua kifuniko, akaiweka kadi yangu pamoja na zile nyingine, na karatasi yake akaikunja mara nne ili iingie.

Kabla hajafunga nilihesabu. Kadi ishirini na yangu. Karatasi moja.